Walivyomfungia Mama Lori Lake

Nilikuwa kwenye foleni ya kupima majani, hapa kituo chetu cha kununulia chai karibu na Roret, magunia yangu mawili yako miguuni, na simu mkononi naandikiana na mtu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya gemu. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Kila siku nilipewa mtu mpya, na kila mtu mpya alinirudisha mwanzo kama watu ambao hatujawahi kuonana. Huyu wa siku ya nne aliandika, kwa Kiingereza chake cha kubembeleza: "Tafadhali thibitisha mtaa na msimbo wa posta wa mahali unapoishi."

Nikamwandikia: Ninaishi Roret. Nyumba hazina namba. Ukifika sokoni uliza, utaonyeshwa.

Akajibu: "Samahani, maelezo hayo hayalingani na tuliyo nayo. Hatuwezi kuendelea na ombi lako. Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?"

Jambo lingine! La kwanza hujasaidia, unataka la pili la nini? Sikuandika tena. Nilipiga kelele, kwa mdomo, mbele ya watu:

"Rudisha lori ya mama yangu, mwizi wewe!"

Foleni yote iligeuka. Karani aliyekuwa akisoma mizani alisahau kilo za mtu. Mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa nyuma yangu na kikapu mgongoni, akauliza, "Lori gani? Kwani mama yako ako na lori?"

"Ni ya kwa gemu."

"Ya kwa nini?"

"Gemu. Ile ya TV."

Kicheko kikaanza kule mwisho wa foleni kikaja mpaka kwangu.

"Haki huyu msichana! Mimi nilidhani ni bwana yake amehepa na lori."

"Lori angetoa wapi? Yule alihepa hata wilbaro hana."

Walicheka mpaka magunia yakaanguka. Mimi sikucheka. Nilipima majani yangu, nikabeba magunia matupu, nikaenda nyumbani. Na kwa sababu walionicheka siku hiyo hawakunipa nafasi ya kueleza, naeleza hapa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, msichana wa miaka minne. Nimemaliza kidato cha nne. Nachuma chai ya nyumbani, nakamua ng'ombe wawili, na ninacheza gemu. Sikuanza jana. Nilianza nikiwa kidato cha pili, kwenye kibanda kimoja Litein nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambapo wasichana hawakuingia. Mimi niliingia nikiwa na sare ya shule. Vijana wakasema nimetumwa kuita mtu. Nilipowafunga wanne mmoja baada ya mwingine kwenye gemu ya mpira, mwenye kibanda alisema padi za mashini zimeharibika. Hazikuwa zimeharibika. Vidole vya mtu aliyechuma chai tangu darasa la tatu haviko kama vyenu, hiyo tu.

Nilinunua mashini yangu ya gemu na bonasi ya chai, ile malipo ya mwisho wa mwaka. Watu huku wakipata bonasi wananunua mabati, au ng'ombe, au viti vya sebuleni vya rangi ya kutisha. Mwenye duka alinipima kwa macho akauliza, "Unapelekea bwana zawadi?" Nikamwambia bwana akitaka atanunua yake. Nilichukua ile ya bei ya chini, ambayo haina mahali pa kuingiza diski. Kila gemu unaishusha kutoka kwa mtandao. Nilijua hiyo ni hasara, lakini hapo ndipo bonasi ilifika.

Wacha niseme ninavyoona hizi kampuni, kwa sababu nimezichunguza kwa miaka. Wanauza gemu haijaiva. Unalipa, unafungua, kumbe nusu ya kazi bado, na unaambiwa ungoje apdeti. Apdeti yenyewe inakuja nzito kuliko gemu, inakula bando yote, na stima ikipotea katikati inaanza upya. Gemu ya mpira kila mwaka ni ileile, wamebadilisha jezi tu, na wanakuuzia wachezaji kwenye pakiti zilizofungwa usijue nani yuko ndani. Huku kwetu mtu akikuuzia gunia la majani na kukukataza kufungua, unaita mzee wa mtaa. Huko kwao wanaita burudani. Na watu waliotengeneza gemu nzuri wanafutwa kazi wiki ileile gemu inasifiwa. Haya yote nilikuwa nayajua na bado nikawapa pesa yangu, kwa sababu kucheza ninapenda. Ndiyo maana sisemi walinishangaza. Nasema walinisaliti. Asiyekuwa wako hawezi kukusaliti.

Sasa lori.

Mama yangu alipatwa na kiharusi msimu ule wa mvua ndefu. Mdomo ulirudi haraka, na mguu ukarudi polepole. Mkono wa kulia haukurudi. Mama ni mchumaji, tena si wa kawaida. Alikuwa anachuma mistari miwili mimi nikiwa nusu ya mmoja, majani mawili na chipukizi, bila kuangalia, huku anasimulia habari za kanisa. Baada ya ugonjwa, kidole cha shahada na gumba vilikuwa vinalala tu kama vya mtoto. Mtu wa mazoezi ya viungo hospitalini alimpa kampira laini akamwambia afinye asubuhi na jioni. Alifinya siku tatu. Ya nne alimpa mtoto wangu akachezee.

"Mama, finya mpira."

"Mimi si paka."

Siku moja mvua ya mawe ilitufungia ndani mchana mzima. Mimi nilikuwa nacheza gemu moja ya malori, unabeba mzigo kupitia milima yenye matope. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi na mkono wake chini ya leso, akiangalia. Lori langu likakwama.

"Wewe, hujui kuendesha," akasema. "Hiyo ni matope ya Aprili. Rudi nyuma kwanza."

"Chukua basi uendeshe wewe."

Nilisema kwa ukali, si kwa wema. Nilimwekea padi mkononi, ile ya kushika na mikono miwili. Nyuma ya padi, upande wa kulia, kuna kitufe cha kuvuta kwa kidole cha shahada, ndicho kinatoa mafuta. Alikivuta. Au tuseme alijaribu. Lori lilikohoa likasonga kama hatua mbili likasimama.

Mtoto wangu akapiga makofi. "Kogo ameendesha!" Kogo ndivyo anavyomwita nyanya yake.

Toka siku hiyo hatukumwambia tena afinye kitu. Kila mchana tukitoka kupima majani, mama anajitengenezea chai kwa mkono wa kushoto, anakaa, anasema, "Washa." Wiki za kwanza lori lilikuwa linakohoa tu. Halafu kidole kikaanza kushikilia. Gemu ile ina mlima mmoja ambao ukiacha mafuta hata kidogo unarudi mpaka chini, na mzigo unaanguka. Mzigo ni magogo, lakini sisi tulikuwa tunaita majani.

"Kogo, umemwaga majani!"

"Nyamaza, karani wewe. Nitayaokota."

Aliuangukia huo mlima siku nyingi. Alikuwa anamtukana dereva, anatukana barabara, anatukana mbunge wa huko kwenye gemu ambaye hayupo. Siku alipoupanda mpaka juu, aliweka padi chini, akainua mkono wa kulia mbele ya uso wake, akakutanisha gumba na kidole cha shahada. Akaachanisha. Akakutanisha. Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye chai, ameegemea fimbo, anachuma. Alichuma konzi moja tu kisha akachoka. Nimeshika mikono ya wachumaji wengi lakini sijawahi kuona konzi nzuri kama hiyo.

Wiki mbili baadaye tukawasha mashini, na badala ya lori tukaona maandishi meupe: Akaunti hii imefungwa moja kwa moja kwa kutoa taarifa za uongo. Gemu ya malori haikufunguka. Ya mpira haikufunguka. Kila gemu niliyonunua kwa miaka miwili ilikuwa pale, na picha yake, na kufuli dogo juu ya picha.

"Imeharibika?" mama akauliza.

"Wamefunga."

"Nani?"

"Wenyewe. Kampuni."

Alifikiria. "Si ulisema umenunua?"

"Nilinunua."

"Hapana. Ukinunua ng'ombe, aliyekuuzia hawezi kurudi kumfungua zizini ati kwa sababu siku ya kuandikishana ulikosea jina la kijiji. Wewe hukununua. Umedanganywa."

Mimi ndiye mjuaji wa gemu katika hiyo nyumba, na mtu ambaye alikuwa hajui padi inashikwaje ameniambia kwa dakika moja kile sikutaka kujiambia miaka yote.

Ndiyo nikaanza kuandikiana na hao watu wa huduma, siku nne, mpaka ile foleni.

Jumamosi baada ya kuchekwa nilienda Litein kwa fundi aliyenifungulia akaunti. Ana duka dogo la kutengeneza simu, na wote wenye mashini kutoka Roret mpaka Soin huenda kwake. Lazima uende kwa mtu kama yeye, kwa sababu ukifungua akaunti mashini inakuuliza unaishi nchi gani, na ukishuka hiyo orodha yote, ukitafuta Kenya, haiko. Mashini inauzwa hapa, gemu inalipiwa kutoka hapa, lakini hapa hakuko. Kwa hivyo fundi anakujazia nchi. Kila mtu anajua. Siku ile mimi nilikuwa nimembeba mtoto anayelia, nikamwambia, "Jaza unavyojua." Hilo ni kosa langu na silikatai.

"Uliandika naishi wapi?" nikamuuliza.

"Siste, kaa kwanza. Soda?"

"Wapi?"

"Uingereza."

"Uingereza kubwa. Wapi?"

Akatoa kidaftari chini ya meza, akanisomea mtaa, namba ya nyumba na posikodi, ule msimbo wa posta. Alisoma vizuri, kama mtu anayesoma anwani ya kwao.

"Hiyo ni nyumba ya nani?"

"Sijui, niliona kwa tangazo. Ilikuwa inapangishwa. Ni nyumba safi, siste, iko na bustani na kila kitu."

"Na wengine uliwaandikia wapi?"

Akakuna shingo.

"Nakuuliza. Wengine?"

"Hapo hapo."

"Wote?"

"Sasa ningetoa nyumba ngapi? Hiyo posikodi ilikuwa inakubali. Kitu ikikubali, unaachana nayo."

"Hata wa Soin?"

"Hata wa Soin."

Nilimuuliza hiyo nyumba ilikuwa na vyumba vingapi vya kulala. Akasema tangazo lilisema viwili. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja simu yake ikitengenezwa alicheka akainama. "Kwa hivyo tarafa nzima inalala vyumba viwili! Wazungu wamesema tumezidi!" Na mimi, pamoja na hasira yote, nilisikia kicheko kinanipanda kooni, nikakimeza. Kwa sababu fundi alikuwa mjinga, ndiyo, lakini fundi hakuchukua lori la mama.

Angalia vizuri. Ile kampuni haikugundua jana kwamba siishi Uingereza. Mashini yangu iliingia kwenye mtandao wao kila siku kupitia laini ya Kenya. Nililipa kwa simu ya Kenya, kwa kadi zinazouzwa Kenya. Siku ya kulipa hakuna aliyeniuliza posikodi. Siku ya kulipa macho yao yalikuwa yamefumbwa kama ya mtu anayeomba. Yalifumbuka siku ya kufunga tu. Wakisema mimi ni mwongo, sawa, niliandika uongo. Lakini uongo wangu wao waliula miaka miwili na wakasema mtamu. Chai ninayochuma mimi inaenda huko huko Uingereza inanywewa, na hakuna siku ilirudishwa kwa sababu Roret haina namba za nyumba.

Fundi alitaka kunisaidia. Naamini alitaka kwa moyo. "Nikufungulie ingine," akasema. "Iko nyumba mpya, hii ni yako peke yako, sitaweka mtu. Unanunua tu hiyo ya malori tena, mama anaendelea."

Nilikaa pale na soda yake mkononi nikatamani. Mama alikuwa amerudisha mkono chini ya leso. Tangu kufuli lije, hakuwa amechuma hata jani moja. Kampira nilikatafuta, nikakaosha, nikampa. Alikashika kwa adabu kama mtu anayepokea kipande cha keki asichokitaka, akakaweka kando. Akaunti mpya ingechukua mchana mmoja. Jioni lori lingekuwa mlimani.

Nikasema nitaongea na mama kwanza. Nikampigia mama papo hapo, nikamweleza.

"Ni jina lako litaandikwa?" akauliza.

"Jina ni langu. Nyumba si yangu."

"Na wakijua tena?"

"Watafunga tena."

Nilisikia mtoto akiuliza, kogo ni nani huyo. Halafu mama akasema, "Usinitafutie kitu cha kuibiwa mara ya pili. Rudi nyumbani, ng'ombe hajakamuliwa."

Nilirudisha soda nusu. Fundi akasema pole. Nikamwambia pole yake aiandike kwa karatasi, aeleze alivyojaza na kwa akina nani, atie sahihi. Alikataa, akaona nilivyomwangalia, akaandika.

Huku kwetu hatuogopi kulalamika. Karani akikupunja kilo unajua la kufanya: unachukua risiti zako, namba yako ya mkulima, unaandika barua, na hauendi kumpigia kelele karani, unaenda kwa anayekagua mizani. Mimi kelele nilikuwa nimeshapiga. Jumatatu nilivaa viatu vya kanisa nikaenda Kericho, ofisi ya vipimo na mizani, hao hao wanaokuja kukagua mizani ya chai. Sikujua ofisi nyingine.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Alinisikiliza yote, hata sehemu ya vyumba viwili, na mdomo wake ukacheza kidogo tu.

"Mama, sisi tunashughulika na mizani. Mawe ya kupimia. Pampu za petroli."

"Mnashughulika na mtu aliyelipia kitu asipewe?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi."

"Aliyekuuzia yuko wapi?"

"Yuko kwenye kila TV kutoka hapa mpaka Bomet. Lakini ukimtafuta hayuko."

Alivuta droo akatoa fomu. "Hii ni ya malalamiko ya mnunuzi. Hatuna ya gemu. Jaza hii, andika yote, hata kosa lako usilifiche. Mimi nitaipiga muhuri na kuipeleka juu kwa wanaotetea walaji. Sikuahidi kitu."

"Kunipigia muhuri ni kitu."

Nilijaza pale pale kwenye kaunta, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza wao ndio wanakijua kuliko mimi na sikutaka wanishinde tena. Nakala niliyobaki nayo inasema hivi:

*Bidhaa inayolalamikiwa:* Gemu za mashini ya TV, zote nilizonunua kwa miaka miwili. Hasa moja ya malori.

*Muuzaji:* Kampuni yenye mashini. Haina ofisi niliyoweza kuipata nchini.

*Kasoro:* Bidhaa ilifanya kazi vizuri. Muuzaji ameifunga baada ya kupokea malipo yote.

*Maelezo ya mlalamishi:* Mimi ni mkulima wa chai. Nilipofungua akaunti, Kenya haikuwa kwenye orodha ya nchi. Fundi alijaza anwani ya Uingereza kwa idhini yangu. Anwani hiyo si ya kweli na ninakubali kosa. Barua ya fundi imeambatishwa. Muuzaji alipokea malipo yangu kutoka Kenya miaka miwili bila swali, kisha akafunga kila kitu kwa sababu hiyo hiyo. Hakurudisha malipo. Nimeandikiana nao siku nne na kila mara nimeulizwa posikodi.

*Madhara:* Mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kufanya kazi kwa sababu ya gemu ya malori. Alikuwa ameanza kuchuma. Ameacha. Barua ya hospitali imeambatishwa.

*Mlalamishi anataka nini:* Nifunguliwe nilichonunua, kwa jina langu na mahali ninapoishi kweli. Ikishindikana, nirudishiwe malipo yote. Pia waiandike Kenya kwenye orodha, au waache kuuza hapa.

*Maelezo mengine:* Ninaomba hii ya malori ishughulikiwe kwanza, zile nyingine zinaweza kungoja. Napatikana kwa simu siku zote isipokuwa asubuhi, kwa sababu asubuhi nachuma, na saa hii nachuma peke yangu.